Jinsi ya Kujitolea Kutunza Msitu wa Hifadhi wa Kijiji Mkoani Dodoma
Anayetaka kujitolea aanze katika ofisi ya serikali ya kijiji na kuonana na kamati ya maliasili, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia msitu wake, na haifai kukata hata tawi moja bila idhini.

Kazi yenye tija kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kisiki hai, yaani kukuza mti upya kutokana na machipukizi ya kisiki badala ya kupanda mche. Chagua kisiki kinachochipua, bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kisha uyakate mengine karibu na shina kwa panga kali, ukielekeza mkato kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Pogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, na ufunge kitambaa chenye rangi ili wachungaji watambue kwamba mti huo unatunzwa. Kwa sababu mizizi yake imekwisha kuzama ardhini, mti huo hustahimili kiangazi kirefu cha Dodoma bila kumwagiliwa, tofauti na mche uliopandwa jana.

Mti wenye kiota uuache. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya.