Somo: Kumkaribisha nyumbani mtu mzima anayejifunza Kiswahili

Wanachama, habari za leo. Somo la leo limeombwa na wengi, hasa wanaokaa Sinza, Ubungo, Makongo na Changanyikeni, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) hufundisha wageni Kiswahili. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, habari za lugha yetu zinazungumzwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika Mashariki, na baadhi yao wanakuja kuisomea hapahapa.

Shikeni jambo moja kabla ya mengine yote. Kitanda mgeni anaweza kukipata gesti yoyote. Akiomba kukaa na familia, anachotafuta ni mazungumzo ya nyumbani, na hayo ndiyo anayoyalipia.

Hatua ya 1: Kubalianeni wenyewe

Kaa na mwenzio, watoto, mama mkwe kama anakaa hapo, na dada wa kazi. Kila mmoja aseme anachohofia. Amueni mapema kama mnataka mgeni wa kike au wa kiume, anayevuta sigara au asiyevuta, na kama pombe inaingia nyumbani kwenu au haiingii. Chuo kikishamleta mtu mlangoni, ni vigumu kuanza kujadili hayo.

Hatua ya 2: Chumba

Hakihitaji urembo. Kiwe na mlango unaofungwa kwa funguo, neti isiyotoboka, wavu dirishani, feni, na meza ya kuandikia, maana ana kazi za darasani kila jioni. Kati ya Desemba na Machi bila feni hatalala. Weka taa ya kuchaji kwa siku umeme ukikatika, na uhakikishe simtanki lina maji. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha au ya chupa, na umwambie wazi kwamba ya bombani si ya kunywa.

Hatua ya 3: Serikali ya mtaa

Mpeleke kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, mkiwa na nakala ya pasipoti na viza, aandikwe. Viza au kibali ni jukumu lake na chuo chake, ila wewe pia andika kwenye simu yako tarehe kinapokwisha. Kama utapokea wageni wa kulipa mara kwa mara, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) na halmashauri uulize kuhusu kodi na leseni kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Bei

Usitaje bei kwa kubahatisha. Piga hesabu ya chakula, LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, kufua na bando la intaneti, kisha ongeza muda wako. Andikeni karatasi moja kwa Kiswahili chepesi: anakula milo gani, nani anafua, anarudi saa ngapi, akiondoka mapema pesa inarudi kiasi gani. Pokea malipo ya wiki kwa wiki, mwanzo wa wiki.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Anatoka uwanja wa ndege amechoka, kwa hiyo majirani wasubiri kesho. Mwonyeshe funguo, bafu, na mita ya LUKU inavyolia units zikikaribia kuisha. Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi atakayobeba mfukoni. Saa muelewane kabisa: ukimwambia chakula ni saa mbili usiku, mwonyeshe mshale wa saa ukutani.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Hapa ndipo wenyeji wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema. Mgeni akisita kidogo tu, tunakimbilia Kiingereza ili tumsaidie. Msifanye hivyo. Mtu mzima anahitaji muda wa kulitafuta neno, na huo ukimya mezani hauna ubaya wowote. Subiri. Asipolipata, lirudie swali kwa maneno mepesi zaidi, au onyesha kwa mkono.

Kosa la pili ni kumvunjia lugha: "Wewe kwenda soko?" Atajifunza hichohicho na kurudi nacho kwao. Sema polepole, lakini sema Kiswahili kamili: "Unakwenda sokoni?"

Kuhusu kusahihisha, usimkatishe. Tuseme anakuambia, "Mtoto yangu anakaa Berlin." Wewe itikia, "Aa, mtoto wako anakaa Berlin! Wa kike au wa kiume?" Ameisikia ngeli ilivyo, zaidi ya mara moja katika pumzi moja, na mazungumzo yanaendelea. Akitaka kusahihishwa waziwazi, atakuomba. Basi chagueni makosa mawili au matatu jioni, si kila sentensi.

Kumbukeni kwamba huyu si mtoto. Kwao huenda ni daktari, mwalimu, mhandisi au bibi mwenye wajukuu, na hapa ghafla anaongea kama mwenye miaka mitatu. Anaona aibu kuliko mnavyodhani. Watoto waambiwe mapema wasimcheke. Na asiitwe "mzungu" ndani ya nyumba yenu, wala "mchina". Mwiteni dada, kaka, mama au baba kulingana na umri wake, pamoja na jina lake. Akishaitwa Mama Fulani, vijana wa nyumbani watamwamkia shikamoo naye atajua kuitikia marahaba. Bila hivyo atamwamkia shikamoo kijana wa miaka kumi na tisa wa dukani, na mtaa mzima utaangua kicheko.

Hatua ya 7: Mpeni kazi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa mwanafunzi wa lugha huo ndio ukarimu wenyewe. Akikaa sebuleni na daftari lake huku nyinyi mko jikoni, amekosa darasa. Mpe mbuzi akune nazi. Achambue dagaa na mtoto. Siku ya chapati ndiyo bora zaidi: mnakanda, mnagawa madonge, mnasukuma, mnapaka mafuta, mnaviringisha, mnasukuma tena, mnachoma, mnageuza. Kila kitenzi anakitenda kwa mikono yake huku anakisikia, na hatakisahau.

Chakula cha kila siku kiwe chenu. Uliza tu anachodhurika nacho, karanga kwa mfano, au samaki. Asiyekula nyama hali pia mchuzi wa nyama, hata ukitoa vipande vyote. Mtengee maharage au mchicha wake. Na kama nyinyi hula saa tatu usiku, mpe kitu cha kutafuna jioni.

Nje, safari ya kwanza ya daladala mwende naye. Mfundishe kusema "shusha!" kwa sauti. Mwendokasi, yaani usafiri wa mabasi ya haraka, ni rahisi zaidi kwake kwa sababu vituo vinajulikana, lakini asubuhi unajaa sana, hivyo begi likae mbele na simu isitoke dirishani. Usiku apande bajaji ya dereva mnayemfahamu.

Maswali ya wanachama

*Tabata: Mimi nimepanga, nyumba si yangu. Naweza kupokea mgeni?*
Unaweza, dada, lakini mwenye nyumba ajue kabla, sio asikie kwa majirani. Kama choo mnachangia na wapangaji wengine, mwambie mgeni ukweli kabla hajalipa. Wapo wanaokubali.

*Kijitonyama: Watoto wangu wanasoma shule za Kiingereza, wakimwona mgeni wanataka kuongea Kiingereza tu. Nifanyeje?*
Watengee muda wao, labda Jumamosi mchana, mgeni akikubali. Siku nyingine wao ndio walimu wake: wamfundishe michezo, vitendawili, na kusoma vitabu vyao vya hadithi vya Kiswahili. Watoto wakipewa cheo cha ualimu hukishika kweli.

*Temeke: Sisi tunafunga. Mwezi wa Ramadhani nikatae wageni?*
Usikatae, mama. Kwa maoni yangu ndio mwezi mzuri kuliko yote kwa mwanafunzi, maana jioni nyumba nzima inakaa pamoja. Mweleze mapema kwamba mchana hamtapika kama kawaida, mwachie chakula chake ale ndani kwa heshima, na wakati wa futari umwite. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati, na maongezi hadi usiku: atajifunza mengi kuliko darasani.

*Mbezi: Mgeni wangu ameniambia tuachane na chuo, anilipe mimi moja kwa moja kwa bei ya chini. Ni sawa?*
Kaka, soma kwanza ulichosaini na chuo. Pia fikiria akiumwa usiku au viza ikileta shida: leo unapiga simu chuoni, kesho utabaki peke yako. Mimi nisingekubali.

*Mikocheni: Mimi na mume wangu tunarudi usiku. Mgeni anashinda na dada wa kazi. Analalamika? Hapana, anafurahi. Lakini dada naye anaanza kuomba aongezewe.*
Ana haki. Ukikokotoa saa, mwalimu wa huyo mgeni nyumbani ni yeye, si wewe. Kwenye hesabu ya bei weka fungu lake, mpe mkononi kila wiki unapolipwa, na punguza kazi zake za jioni ili mazungumzo yasiwe mzigo juu ya mzigo. Mgeni naye aambiwe kwamba dada ana saa zake za kupumzika, asimfuate na daftari chumbani.