SOMO: Kukokotoa mafuta ya Dakota ya vita iliyofungwa matangi ya ziada

Wakuu, swali la "Dakota ilivukaje Atlantiki" linaulizwa karibu kila wiki. Dakota ni ndege ya mizigo ya injini mbili ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa Wamarekani C-47. Naliandikia jibu lote hapa, na kuanzia leo kila atakayeuliza nitamleta huku. Kalamu na karatasi vinatosha.

Hatua ya 1. Hakikisha ndege yako ni C-47 ya jeshi, siyo DC-3 ya abiria.

Hatua ya 2. Andika mafuta ya kawaida. Matangi ni manne, yote katikati ya bawa: makuu mawili ya galoni 202 kila moja, na ya akiba mawili ya galoni 200. Jumla 804.

Hatua ya 3. Jua galoni hiyo ni ya nani. Hesabu nyingi ninazoletewa zinaharibikia hapa, kwa hiyo tulia. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Ndege ilitengenezwa Marekani, lakini jina la Dakota ni la Waingereza, nao waliitumia kwa wingi na kuandika kwa galoni zao. Matangi yale yale ya 804, kwa galoni za Uingereza ni kama 670. Ukiichukua 804 ukaihesabu kwa galoni ya Uingereza, umejaza lita zaidi ya 600 ambazo hazikuwahi kuwamo.
ONYO: Usichanganye namba za vitabu viwili kabla ya kuzigeuza zote kuwa lita.
ONYO la pili: Usiishie kwenye lita, maana bawa linanyanyua uzito. Galoni moja ya Marekani ya petroli ya ndege ina ratili 6 hivi, yaani kilo 2.7.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya safari. Chukua galoni 95 kwa saa kwa injini zote mbili, na mwendo wa kilomita 257 kwa saa. Galoni 804 zinakupa saa 8 na nusu hivi, kama kilomita 2,170. Sasa fungua ramani: kutoka Natal, Brazil, hadi kisiwa cha Ascension ni karibu kilomita 2,300 za bahari tupu. Mafuta yanaisha kabla hujakiona kisiwa, na pepo za huko humkabili anayekwenda mashariki.

Hatua ya 5. Ongeza matangi ya ndani. Yalikuwa ya galoni 100, yakifungwa kwenye chumba cha mizigo. Weka manne: unapata 1,204, saa 12 na dakika 40. Lakini umeongeza kilo 1,090 za mafuta, bado uzito wa matangi yenyewe. Ndiyo maana yalifungwa hasa kwa safari za kuhamisha ndege, kupitia Ascension, Accra, Khartoum na kuendelea hadi India. Mizigo ilisubiri huko mbele.

Hatua ya 6. Angalia kitovu cha uzito. Tangi likikaa nyuma mno, mkia unalemea.

MASWALI

— Mkuu maelezo marefu. Kwa kifupi Dakota inakwenda kilomita ngapi?
Hatua ya 4 na ya 5.

— Umekosea. Mimi 804 nimepata lita 3,655.
Sijakosea. Umezidisha kwa 4.546. Soma hatua ya 3 hadi mwisho, kisha zidisha kwa 3.785 upate 3,043.

— Samahani mkuu, mimi mgeni kwenye haya mambo. Mafuta kukaa chumba kimoja na watu, walizuiaje moto?
Karibu sana, hilo ndilo swali nililolitamani. Tangi linaloelekea kuisha linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa sababu nafasi iliyobaki imejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kaisome C-109. Ilikuwa ndege ya mabomu B-24 iliyovuliwa silaha na kutiwa matangi puani, kwenye chumba cha mabomu na juu yake, ibebe kama galoni 2,900 kuvuka Himalaya kutoka India hadi China, kulisha ndege za mabomu B-29 za Chengdu mwaka 1944. Mafuta yalipokuwa yakitolewa, gesi isiyowaka iliingizwa kushika nafasi yake. Hata hivyo, kuitua ikiwa imejaa kwenye viwanja vya milimani kulikuwa kazi ngumu mno.

— Na C-46, ile ndege nyingine ya mizigo, je? Nasikia zilikuwa zikilipuka angani.
Ni kweli. Kati ya Mei 1943 na Machi 1945 kulikuwa na visa 31 vinavyojulikana, angalau, vya moto au mlipuko angani. Mafuta yalivuja kidogo kidogo yakatuama kwenye shina la bawa pasipopita hewa, na cheche moja ilitosha. Baada ya vita zilisimamishwa hadi bawa litobolewe matundu ya hewa na swichi zilizo wazi zibadilishwe. Inauma, maana matundu tu yangeokoa watu wengi.

— Nyongeza kwa wadau: maili nazo ni mtego. Ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609. Ramani za marubani hutumia ya baharini.
Ahsante sana mkuu. Naiingiza kwenye hatua ya 4 sasa hivi.