"Gregarious": kivumishi cha mtu asiyependa kukaa peke yake

Leo tunashika neno moja tu, "gregarious". Wengi wanaoniuliza maana yake huwa wameshaipata kwenye kamusi, "mchangamfu", wakaridhika nayo, kisha sentensi zao zikaanza kwenda mrama. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu. Kuna mchangamfu anayefurahi na wageni wawili, wakifika sita akachoka na kutamani kulala. Huyo mchangamfu kweli, lakini hatumwiti "gregarious".

Hatua ya 1: Litamke kabla ya kuliandika

Gri-GEA-ri-as. Silabi nne, mkazo kwenye ya pili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi wetu huteleza na kusema gri-gea-RI-as. Gonga meza kwa kidole kila ufikapo GEA mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 2: Anzia kwenye kundi

Asili yake ni Kilatini, "grex", yaani kundi la mifugo. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 17, lilihusu wanyama waishio makundi. Kulitumia kwa tabia ya binadamu kulikuja baadaye, na maana ile ya kwanza haijafa: nyumbu ni "gregarious animals", chui siye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni nzige wa jangwani, ambaye hata jina lake la kisayansi, Schistocerca gregaria, limebeba neno letu. Akiishi mmojammoja, nzige huyu huwakwepa wenzake. Wakisongamana hadi wakawa wanagusana miguu ya nyuma tena na tena, tabia inageuka: wanaanza kufuatana, na hatimaye wanaruka kundi zima. Hali hiyo wataalamu huiita "gregarious phase". Nzige hachekeshi wala hakaribishi mtu. Anavutwa tu na wenzake, na mvuto huo ndio kiini cha neno.

Hatua ya 3: Lipime na maneno yetu

Hapa usiwe na haraka, maana Kiswahili kina maneno mengi ya tabia njema na kila moja lina mahali pake. Mcheshi huchekesha, na Kiingereza chake ni "humorous" au "witty". Mkunjufu ana uso na moyo uliofunguka, hakunji kipaji. Anakaribiana na "affable". Mkarimu hutoa alicho nacho: "generous", na akiwa mbele ya wageni, "hospitable". Mchangamfu ni "cheerful" au "lively". Wote hao wanaweza kuwa "gregarious", na wanaweza pia wasiwe.

"Mtu wa watu" ndiyo inayokaribia zaidi, ila ina jambo la ziada: tukimwita mtu hivyo, tunadokeza kwamba watu nao wanampenda. "Gregarious" haisemi hilo. Inasema yeye ndiye anayewapenda na kuwatafuta. Mimi hufasiri "mpenda kujumuika", na sijapata bora kuliko hiyo.

Kwa Kiingereza chenyewe, "outgoing" ni mtu asiyeona taabu kuanza mazungumzo na mgeni. "Sociable" hufurahia kuwa na watu, na ni neno la kawaida la mazungumzo. "Gregarious" lina uzito zaidi, utalikuta kwenye maandishi kuliko midomoni.

Hatua ya 4: Liweke kwenye sentensi

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika "My aunt is a gregarious", akaweka kalamu chini akiwa na uhakika kabisa. Nilimwomba anisomee kwa Kiswahili. Akasema, "Shangazi yangu ni mchangamfu." Kosa lote lilikuwa hapo. Kwetu "mchangamfu" husimama peke yake kama mtu kamili, kwa kuwa m- ya mwanzo tayari imemtaja mtu. Kivumishi cha Kiingereza hakina m- hiyo. Ukiweka "a", lazima nomino ifuate: "My aunt is a gregarious woman." Usipotaka nomino, ondoa "a": "My aunt is gregarious." Alizisoma zote mbili kwa sauti, akafuta ile ya kwanza mwenyewe.

Kulinganisha ni "more gregarious". Nomino ni "gregariousness".

Maswali ya wanadarasa

— Shikamoo mwalimu. Naweza kusema "He is gregarious to everyone"?

Marahaba. Hapana. Neno hili linaeleza tabia ya mtu, si namna anavyomtendea fulani. Kwa maana hiyo tumia "friendly to everyone".

— Nimekutana na "egregious". Ni neno lilelile?

Ni ndugu, wametoka "grex" mmoja, na kuwachanganya ni hatari. "Egregious" asili yake ni aliyejitenga na kundi kwa ubora. Siku hizi ni ubaya uliopita kiasi. "An egregious mistake" ni kosa la kutisha. Ukimwandikia hivyo rafiki yako uliyetaka kumsifu, umemtukana.

— Kwenye barua ya kuomba kazi, nijiite "gregarious"?

Nisingekushauri. Mwajiri atasoma kwamba unapenda kukaa na watu, na hilo halimwambii kama unaweza kufanya nao kazi. Andika "I work well with others", halafu mtajie kazi mliyoifanya pamoja.

— Kinyume chake ni "shy"?

Wengi hufikiri hivyo. Lakini "shy" ni mwenye haya, na mwenye haya anaweza kutamani sana kuwa kati ya watu. Haya ndiyo inayomzuia mlangoni. Kinyume cha "gregarious" ni asiyevutwa na kundi tangu mwanzo: "solitary", kwa mnyama na kwa mtu. "Unsociable" pia hutumika, ila lina lawama ndani yake, kwa hiyo usimpachike mtu aliyechagua tu utulivu wake.