Kugawa kazi kwenye shuti ya filamu fupi ukiwa na watu sita

Kila wiki naulizwa kamera ya kuanzia ni ipi na mimi nawajibu hivyohivyo, tafuta watu kwanza. Nimeshika kamera kwenye shuti nyingi hapa Dar na nimeona kazi nzuri zikiharibika kwa sababu mtu mmoja ndo dairekta, ndo kameramani, ndo edita, na bado anataka kuigiza. Tuchukulie una skripti ya dakika kumi na watu sita, waigizaji pembeni.

Hatua ya 1: Prodyuza na dairekta wawe watu wawili
Prodyuza anashika hela, usafiri, msosi na kibali cha Bodi ya Filamu, na hicho kibali akifuatilie mapema. Dairekta abaki na hadithi na waigizaji tu. Ukimwacha dairekta apokee simu ya mama wa chakula katikati ya tek (kila mara mnaporekodi shoti), nani atamwangalia mwigizaji usoni?

Hatua ya 2: Dairekta akae na DOP (mkuu wa kamera na taa) kabla ya shuti
Pitieni sini moja moja. Dairekta aseme mtazamaji ahisi nini hapa, DOP ndo atajua lenzi gani na taa itokee wapi. Nendeni lokesheni saa ileile mtakayoshuti, jua la saa mbili asubuhi na la saa saba mchana ni vitu viwili kabisa. Halafu umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo ukishuti freimu (picha) 25 kwa sekunde weka shata, yaani muda kamera inapokea mwanga kwa kila freimu, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu na balbu za bei rahisi zinaweza kuchezacheza kwenye picha na kwenye kiskrini cha kamera usione kitu mpaka ufike kwa edita.

Hatua ya 3: Mtu wa sauti, na asiwe na kazi nyingine
Hapa naomba unisikilize vizuri. Tulishuti sini ya mama anamwambia binti yake kwamba nyumba imeuzwa, mwigizaji alilia kweli mpaka sisi tulioshika vifaa machozi yakatutoka, kumbe maiki tuliyopachika juu ya kamera imebeba friji inayonguruma chumba cha pili na bodaboda za nje. Tulimwita studio arudie maneno na yule dada alijitahidi sana, ila kile kilio hakikurudi tena, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mpe mtu mmoja bumu (maiki ya kwenye mti mrefu) na hedifoni na umpe ruhusa ya kusema "subirini" hata kama dairekta ana haraka. Akifika anazima feni, anazima friji, na funguo za gari anaziweka humohumo ndani ya friji ili msiweze kuondoka bila kukumbuka kuwasha tena friji ya watu. Kabla ya kuhama chumba wote mnanyamaza sekunde 30 anarekodi ule ukimya wa chumba, edita atauhitaji kuziba mapengo.

Hatua ya 4: Mtu wa seti, kostyumu na kontinyuiti (vitu visibadilike kati ya shoti na shoti)
Kwenye timu kubwa hawa ni watu watatu au zaidi, kwako ni mmoja, basi chagua mtu mwenye jicho. Mfano mama anakunywa chai, shoti pana kikombe kiko nusu na khanga iko begani, mkihamia shoti ya karibu kikombe kimejaa na khanga imeshuka kiunoni. Hizo shoti mbili haziungani. Apige picha na simu kila mkikata na aandike tek zipi dairekta amezipenda. Kuta nyeupe tupu nazo azivalishe, hata kalenda ya duka na pazia la mlangoni vinasema familia hii ni ya aina gani.

Hatua ya 5: Edita aje mapema
Msomeshe skripti kabla ya shuti, atakwambia sini fulani inahitaji shoti ya mikono au ya mlango, vitu ambavyo ukirudi kuvishuti baadaye ni gharama upya. Pigeni klapa (kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera) kila tek ili aoanishe sauti na picha bila shida. Mkimaliza kushuti mkabidhi mafaili yote na zile noti za kontinyuiti, kopi mbili kwenye diski tofauti, halafu mwacheni akate toleo la kwanza peke yake, dairekta aingie chumbani likishakamilika.