Namna ya kuchagua spika za rafuni kwa sebule ya Dar es Salaam

Mteja akiingia katika duka la vyombo vya muziki Kariakoo na kusema anatafuta spika, swali la kwanza atakaloulizwa ni la wati. Kwa spika za rafuni, yaani zile zinazouzwa mbili mbili, zenye sanduku la kimo cha sentimita 25 hadi 40, wufa moja (koni ya sauti za chini) ya inchi 4 hadi 6.5 na twita (ya sauti za juu) juu yake, swali hilo lilipaswa kuja baadaye sana. Katika kazi ya kufunga mifumo ya muziki majumbani nimejizoeza kuuliza mambo mengine kwanza: sebule ina vipimo gani, sakafu imefunikwa na nini, msikilizaji hukaa umbali gani, na nyumba iko karibu na bahari kiasi gani. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo.

Hatua ya 1: Pima sebule kabla ya kutoka nyumbani

Andika urefu, upana na kimo cha chumba, kisha pima umbali kutoka kwenye kochi unalokalia hadi mahali spika zitakapokuwa. Kochi likiwa mita 2 hadi 3 kutoka kwenye spika, wufa ya inchi 5 inatosha kabisa; inchi 6.5 ina maana pale ambapo sebule na sehemu ya kulia chakula zimeungana bila ukuta katikati.

Baada ya hapo simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo, na katika chumba cha namna hiyo mlio wa kofi hubaki hewani ukitetemeka kwa muda kabla haujapotea. Ukiusikia mtetemo huo, tambua kwamba twita kali, ambayo dukani itakuvutia kwa jinsi inavyopambanua kila kitu, itakuchosha nyumbani ndani ya nusu saa. Zulia nene kati ya kochi na spika, pamoja na mapazia mazito, hutengeneza sauti kuliko tofauti ya bei iliyopo kati ya spika moja na ile inayoifuata dukani, na ningemshauri mtu atenge fedha ya zulia kabla ya fedha ya spika.

Besi nayo ina hesabu yake. Ukuta wa tofali hauipitishi kirahisi kama ukuta wa mbao, bali huirudisha ndani, na mawimbi yanayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili huongezeana nguvu katika sauti fulani tu. Kuta zikiwa mita 4.5 kutoka moja hadi nyingine, sauti hiyo ni ya takribani hezi 39, yaani mitetemo 39 kwa sekunde. Zikiwa mita 3.5, ni karibu hezi 50. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi hupiga hezi 41, kwa hiyo si ajabu kwamba noti moja huvuma nyumba nzima huku noti jirani yake ikisikika kawaida. Ndiyo sababu ninayo ya kutoamini kwamba spika inayoshuka chini zaidi ndiyo bora kwa kila mtu: katika chumba kidogo cha kupanga, chenye ukuta mmoja unaotenganisha familia mbili, spika inayoishia hezi 60 huleta muziki safi zaidi na ugomvi mdogo zaidi.

Hatua ya 2: Amua amplifaya itakaa wapi

Zipo spika zenye amplifaya ndani ya sanduku, ambazo huchomekwa kwenye umeme moja kwa moja na kupokea muziki kutoka kwenye simu kwa bluetooth, na zipo zisizo nayo, zinazohitaji amplifaya ya pembeni. Za kwanza ni rahisi kufunga na zinamfaa mtu anayeishi chumba kimoja. Kwa sebule ya familia ninapendelea za pili, na sababu yangu kubwa ni umeme. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kinachoungua kwa kawaida ni saketi ya kupokea umeme. Ikiwa iko ndani ya amplifaya ya pembeni, fundi redio ataitengeneza au utanunua nyingine, na spika zako zitabaki salama. Ikiwa iko ndani ya spika, na bodi yake haipatikani madukani, umepoteza vyote. Amplifaya ya wati 30 hadi 50 halisi kwa kila upande inatosha kwa karibu kila sebule niliyotaja.

Hatua ya 3: Soma namba, lakini zile zinazosema kweli

Kibandiko cha mbele kinaweza kudai wati 12,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kufikirika tu. Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme, ambako huandikwa kiasi cha umeme kinachotumika, na usishangae kukuta wati 60. Hakuna chombo kinachotoa nguvu mfululizo kubwa kuliko inayoingia ndani yake. Hata soketi ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, ukomo wake ni kama wati 3,000. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo, na isipokuwepo, chukulia kwamba muuzaji hana la kukuambia.

Namba muhimu kuliko wati ni ya desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa wati moja na kuisikiliza kutoka mita moja. Spika nyingi za rafuni huwa kati ya desibeli 84 na 90. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 pungufu zinadai nguvu mara mbili, kwa hiyo spika ya 84 inahitaji wati nne pale ambapo ya 90 inahitaji wati moja. Chukua mfano wa Sony SS-CS5, ambayo imeandikwa desibeli 87 na omu 6 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme): kwa wati moja tu kila upande, ukiwa umekaa mita 2.5, utapata sauti ya zaidi ya desibeli 80, ambayo tayari inakulazimisha kupaza sauti ili kuzungumza na aliye kando yako. Ngoma zinazodunda ghafla zinaweza kudai mara kumi ya hapo au zaidi, yaani wati 10 na kuendelea. Wati elfu kadhaa za kwenye boksi hazina pa kwenda.

Hata hivyo desibeli chache si dalili ya spika mbaya. BBC ilipobuni LS3/5a mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilihitaji spika ndogo ya kupimia sauti za watangazaji ndani ya magari ya matangazo ya nje, na ilikubali kiwango cha takribani desibeli 83 ili sauti ya binadamu isikike kama ilivyo. Mpaka leo wapo wanaoitafuta. Spika ya namna hiyo inataka tu amplifaya yenye nguvu na msikilizaji asiyekaa mbali.

Kuhusu omu, soma nyuma ya amplifaya. Ikiwa imeandikwa omu 6 hadi 16, usiifungie spika za omu 4, kwa kuwa zitaivuta umeme mwingi na itapata joto la kupita kiasi, hasa katika miezi ya Januari na Februari ambapo sebule yenyewe tayari ni tanuri.

Namba ya hezi, kwa mfano 53 hadi 50,000, haina uzito wowote isipokuwa imeambatana na kipimo cha kupanda na kushuka, kama vile desibeli 3 juu au chini. Bila hicho, ni namba ya mapambo.

Hatua ya 4: Kagua spika kwa macho ya mtu wa pwani

Toa kitambaa cha mbele, kama kinatoka, uangalie ukingo unaoshikilia koni ya wufa. Ukingo wa mpira hustahimili joto na unyevu kwa miaka mingi. Ukingo wa sponji hulainika, hukauka na hatimaye kumeguka kama mkate uliochacha, na joto na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Sijawahi kumshauri mtu wa Dar es Salaam kununua spika ya sponji ikiwa ya mpira ipo kwa bei inayokaribiana.

Sanduku lenyewe mara nyingi ni la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) iliyovikwa karatasi ya mfano wa mbao. Pitisha kidole kwenye kona na chini ya sanduku: sehemu yoyote ambayo MDF imebaki wazi itanyonya maji ya deki na kuvimba. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Mlio mfupi na mkavu ni mzuri, mlio wa debe si mzuri. Kwa wakazi wa Kigamboni, Mbezi Beach na Msasani, ambako upepo huja na chumvi, angalia pia vituo vya kufungia waya. Viwe vya kukaza kwa skrubu na vimepakwa dhahabu au nikeli vizuri, kwani vile vya kubana kwa springi nyembamba hushika kutu mapema.

Tundu la hewa likiwa nyuma ya sanduku, spika itahitaji nafasi kati yake na ukuta, si chini ya sentimita 20 hivi. Kama huna budi kuiweka ndani ya kabati la tivii, chagua yenye tundu mbele au isiyo na tundu kabisa.

Hatua ya 5: Sikiliza dukani kwa nyimbo zako mwenyewe

Nenda asubuhi, kabla maduka ya jirani hayajaanza kushindana kwa kelele. Muuzaji atataka kukuwekea wimbo wake, akuongezee besi na kukuambia, «Bosi, huu ndio mziki mnene.» Mwombe kwa adabu azime vikorombwezo vyote, arudishe besi na trebo katikati, kisha akuruhusu kuunganisha simu yako.

Beba nyimbo unazozijua kwa moyo. Taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar ni mtihani mgumu kwa twita, kwa sababu kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla hupigwa pamoja katika sauti za juu, na spika dhaifu huvichanganya vikawa kitu kimoja chenye makali. Dansi ya Sikinde au Msondo ina magitaa yanayojibizana. Jaribu kufuata gitaa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama unalipoteza kila tarumbeta zinapoingia, spika haitenganishi vyombo. Singeli, kwa kasi yake, huonyesha kama wufa inasimama kwa wakati au bado inatetemeka wakati pigo la pili limeshaingia. Mwisho weka sauti ya mtu unayeishi naye, uliyoirekodi kwa simu akizungumza kwa kawaida. Sikio halidanganyiki kirahisi kwa sauti ya mtu wa nyumbani, na spika inayomfanya aonekane ana mafua, au anaongea ndani ya pipa, haitafanya haki kwa mwimbaji yeyote.

Unapolinganisha jozi mbili, hakikisha zinapiga kwa sauti sawa. Iliyo juu kidogo itaonekana bora kila mara, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo. Programu ya simu ya kupimia desibeli, hata kama si sahihi sana, inatosha kwa kazi hii ya kulinganisha.

Hatua ya 6: Kwa anayenunua zilizotumika

Spika zilizotumika kutoka nje zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mpya za bei hiyohiyo, mradi uzipime. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili vilivyo pande mbili zinazoelekeana. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Multimita ikipima spika ya omu 8 isiyounganishwa na kitu inapaswa kuonyesha omu 5.5 hadi 7. Weka sikio karibu na kila twita, moja moja, kwa kuwa iliyokufa haionekani kwa macho na wufa huificha.

Jihadhari zaidi na amplifaya na spika zenye amplifaya ndani zilizotoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Ukizichomeka kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme, ziko hatarini kuungua papo hapo. Spika zisizo na amplifaya ndani hazihusiki na tatizo hili hata kidogo.

Hatua ya 7: Waya

Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 5 au 6. Huna haja ya wa bei ghali, ila hakikisha ni shaba kweli. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Hatua ya 8: Zipange

Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana, na twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Mafundi seremala wa Keko watakutengenezea stendi za mbao nzito za kimo cha sentimita 60 kwa vipimo utakavyowapa, na zitakaa vizuri kuliko stendi nyembamba za chuma.

Kabla ya kuhukumu sauti, hakikisha waya wa chanya umefungwa kwenye chanya pande zote mbili. Weka wimbo wenye mwimbaji mmoja: sauti yake isimame katikati, mahali pasipo na spika. Ikisambaa na besi ikakonda, upande mmoja umegeuzwa. Kisha sogeza spika sentimita 5 kila mara, mbali na ukuta ikiwa besi inavuma, karibu nao ikiwa imepungua. Ukipata mahali panapokuridhisha, bandika selotepu ndogo kwenye kigae katika kona za kila stendi, ili anayepiga deki azirudishe hapohapo.