Somo: Jeti ya F-5E kwa skeli ya 1/72, kuanzia boksi hadi rangi ya mwisho

Modeli yangu ya kwanza ya jeti niliipaka rangi ya fedha. Nilibandika nusu mbili za kiwiliwili jioni, asubuhi nikapuliza rangi. Ilipokauka, mshono ulionekana kutoka puani hadi mkiani kama kanzu iliyopita mikononi mwa mwanagenzi. Mjomba wangu aliitazama kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Hii ilianguka wapi?"

Kwa hiyo msinishangae humu nikikaa sana kwenye gundi na msasa, halafu rangi nikaipitia mbio mbio. Wengi mnaoniuliza habari za rangi, tatizo lenu si rangi.

Nimechagua F-5E Tiger II ya Northrop kwa sababu mbili. Kwanza ni ya nyumbani: Kenya ilizipokea mwaka 1978, na makazi yake ni Nanyuki, kwenye kambi ya Laikipia. Pili ni ndogo. Ndege halisi ina urefu wa mita 14.45 na upana wa mabawa wa mita 8.13. Kwa 1/72 unapata kama sentimita 20 kwa 11, kitu cha kukaa juu ya sahani ya wali. Kwa asiyejua hesabu ya skeli: inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege, maana yake rubani wa futi sita ana kimo cha inchi moja.

Vifaa vya kuanzia: kikata kucha, kisu chenye wembe wa kubadilisha, kibano cha nyusi, msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, fila (uji mzito wa kuzibia nyufa, hukauka ukasuguliwa), gundi nyembamba ya plastiki (mimi natumia ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani), supagluu, na gundi nyeupe ya seremala. Msasa na fila utavipata kwa wauza rangi za magari. Usiuziwe "msasa maalumu wa modeli" kwa bei mara tatu.

Hatua ya 1: Osha, kisha kata

Fremu zenye vipande huja na mafuta kidogo yaliyosaidia plastiki kutoka kwenye kalibu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uache vikauke vyenyewe. Usitoe vipande vyote kwa pamoja, utavipoteza. Kata unachokihitaji leo. Kata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu, kisicho sawa ukimalizie kwa msasa. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki inang'oka na kuacha kishimo.

Hatua ya 2: Chumba cha rubani

Kijivu ndani, dashibodi nyeusi, kiti na mikanda yake, basi. Kwa 1/72, kioo kikishafungwa, watu wataona kiti na mabega ya rubani. Nimeona mtu akimaliza wiki mbili humu na kuingia kwenye kiwiliwili akiwa amechoka.

Hatua ya 3: Chubwi puani

Jeti ya magurudumu matatu isipowekwa uzito mbele hukaa kitako, pua juu. Dawa yake iko kwa wauza ndoana: chubwi ndogo za risasi, zile za kuvulia. Pua ya F-5 ni ndefu na ina nafasi ya kutosha. Shika kiwiliwili na mabawa kwa selotepu, kalisha kwenye kidole pale magurudumu ya nyuma yatakapokuwa, uongeze chubwi mpaka pua ishuke yenyewe. Kisha ongeza moja.

Zibandike kwa supagluu au epoksi, kamwe si kwa gundi nyeupe. Risasi na gundi nyeupe hazipatani: taratibu risasi inaliwa, inafanya unga mweupe na kuvimba, na mwaka wa pili au wa tatu pua inapasuka ikiwa kabatini. Na unawe mikono baada ya kushika risasi, hasa kama unakula mihogo ukiunda, kama mimi.

Hatua ya 4: Kuua mshono

Hapa tulia.

Zifunge nusu mbili bila gundi kwanza, uziinue kuelekea dirishani. Ukiona mwanga unapita, kuna kitu kinazuia, mara nyingi sakafu ya chumba cha rubani ni pana mno. Punguza hicho kilichozidi, usibane kwa nguvu ukidhani gundi itakutii.

Zikikaa vizuri, gusa mshono kwa ncha ya brashi yenye gundi nyembamba. Usipake, gusa tu, gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Gundi hii haibandiki kama gundi ya karatasi, inayeyusha plastiki ya pande zote mbili ili ziwe kitu kimoja. Hesabu mpaka thelathini, kisha bana kwa vidole. Utaona plastiki laini inatoka juu ya mshono kama uzi wa shanga. Unautaka huo. Ukiufuta, umefuta plastiki ambayo ingeziba ufa. Songa sentimita mbili mbele, rudia.

Kisha weka modeli juu ya kabati na uisahau. Wengine husema masaa 24. Mimi niko Mombasa, na msimu wa masika naacha siku mbili. Ukisugua mapema, plastiki iliyo laini ndani itaendelea kukauka na kunywea, na mshono ulioua Jumamosi utafufuka Jumatano, tena chini ya rangi.

Ukishakuwa mgumu, kwangua kwa mgongo wa wembe, si makali. Halafu msasa 400 wa maji, 600, 1000. F-5 ina kiuno: kiwiliwili kinabanwa katikati usawa wa mabawa, kama chupa ya soda. Msasa uliozungushiwa kipande cha mbao utakula kiuno hicho na kukufanyia bomba. Uzungushie kwenye penseli, ufuate umbo lake.

Palipobaki ufa, tia fila nyembamba mara mbili kuliko nene mara moja, kwa sababu hunywea ikikauka. Kwenye maungio ya bawa na kiwiliwili, au pale midomo ya kuvutia hewa inapokutana na ubavu, msasa hauingii vizuri. Tumia fila ya maji, kisha pitisha pamba ya masikioni iliyolowa: inachukua iliyozidi na kuacha iliyo ndani ya ufa. Supagluu nayo huziba vizuri, lakini isugue ndani ya saa moja. Ikilala, asubuhi ni ngumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni badala yake.

Mistari ya paneli (ile mifereji midogo inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege) itakayofutika ichore upya kwa sindano iliyochomekwa kwenye kalamu tupu, ukifuata ukingo wa tepu nene. Nenda taratibu mara tano, usikandamize mara moja.

Kipimo cha mwisho ni ukucha. Funga macho, upitishe ukucha kukata mshono. Ukinasa hata kidogo, rudi kwenye msasa. Macho yatakudanganya kwa sababu plastiki na fila zina rangi mbili tofauti. Ukucha haujali rangi.

Hatua ya 5: Praima

Praima ya kijivu, nyembamba. Kazi yake moja ni kuishika rangi. Nyingine ni kukutolea siri. Zima taa, washa tochi ya simu, umulike kutoka ubavuni. Kila kilichobaki kitatupa kivuli. Sijawahi kupita hapa mara ya kwanza bila kurudi kwenye fila, na simjui aliyepita.

Hatua ya 6: Rangi

Tafuta picha ya ndege moja halisi na uifuate hiyo hiyo, usichanganye picha tatu. F-5 za Kenya utaziona zikiwa na kijani na rangi za udongo mgongoni, tumbo likiwa kijivu chepesi. Anza na tumbo, kisha rangi nyepesi ya mgongoni, ukimalizia na iliyo nzito zaidi. Mipaka ya rangi isiwe mikali: viringisha ile gundi ya udongo ya kubandikia mabango ukutani iwe kama nyoka wembamba, ulaze kwenye mpaka, ujaze katikati kwa tepu ya karatasi. Rangi itapita kidogo chini ya nyoka na kuacha ukingo laini.

Kwa wenye ebrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa): zimua rangi iwe kama maziwa ya pakiti, si mtindi. Presha 15 hadi 20 psi, umbali wa sentimita tano hadi kumi. Tabaka la kwanza lisifunike kitu, liwe kama vumbi.

Sehemu ya nyuma, kuzunguka matundu ya injini zake mbili, huachwa chuma kitupu. Paka nyeusi inayong'aa, iache ikauke kabisa, kisha rangi ya alumini nyembamba juu yake. Hapo sasa unaruhusiwa rangi ya fedha.

Hatua ya 7: Stika za maji

Puliza vanishi ya kung'aa kwanza. Stika ikikaa juu ya rangi yenye ukwaru, hewa inanasa chini yake na kufanya ukungu wa fedha usiotoka. Loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu dakika, itoe, isubiri iachie karatasi yenyewe, kisha iteleze. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, tone moja chini ya stika, inasaidia kulala. Alama za Kenya hazikuwemo kwenye boksi langu, nilizichapisha kwenye karatasi ya stika. Kumbuka printa ya kawaida haichapi nyeupe, hivyo palipo na nyeupe paka kwanza kwa mkono.

Hatua ya 8: Vilivyobaki

Magurudumu, milango yake, makombora ya ncha za mabawa, kioo. Malizia kwa vanishi isiyong'aa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo fundi. Sina ebrashi wala kompresa. Brashi ya mkono itafaa, au nisubiri?

Marahaba. Usisubiri. Tumia brashi bapa na laini, zimua rangi, pita upande mmoja tu, wala usirudi palipoanza kukauka. Tabaka la kwanza litakuwa baya hadi utake kulia. Liache masaa kadhaa, pita la pili kwa kukata la kwanza, kisha la tatu. Kwa praima nunua kopo la kupuliza. Liweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika chache, litatoa mnyunyizo laini. Maji ya vuguvugu, nasema, usilikaribishe jikoni.

Swali (Dar): Mkuu, mimi kila nikipuliza vanishi ya mwisho modeli inakuwa nyeupe kama imepakwa majivu. Nimebadilisha kopo mara mbili.

Kopo halina kosa, ni hewa ya pwani. Thina ikiruka inaupoza uso wa modeli, unyevu wa hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Usipulize siku ya mvua wala alfajiri. Mimi hufanya saa nane mchana siku ya jua, tabaka jepesi sana. Iliyokwisha kuwa nyeupe, jaribu kuipulizia vanishi ya kung'aa ya aina ile ile siku kavu. Mara nyingi weupe unapotea, kisha urudie ile isiyong'aa. Na mwenye kompresa anunue kichujio cha maji.

Swali (Nakuru): Nilibandika kioo cha rubani kwa supagluu. Sasa kina ukungu. Nitupe?

Pole. Mvuke wa supagluu ndio uliofanya hivyo. Ukungu wa nje sugua kwa msasa 2000 wenye maji, kisha dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa, mpaka king'ae. Wa ndani, itabidi ukibandue polepole kwa ncha ya wembe na ufanye vivyo hivyo. Kibandike tena kwa gundi nyeupe, inakauka bila rangi.

Swali (Zanzibar): Ninaishi chumba kimoja na mtoto mchanga. Harufu je?

Basi rangi za maji, na brashi. Hizo za thina kali acha kabisa humo ndani, na hata ile gundi ya kifuniko cha kijani itumie barazani. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inazuia vumbi tu. Ya kuzuia mvuke ni ile yenye kichujio cha makaa. Na vumbi la msasa: sugua kwa maji kila mara, halitaruka.

Swali (Mwanza): Kwa nini kila siku Kenya? Tufanyie na J-7 ya Tanzania basi.

Haya, nimekubali, ila angalia unanunua nini. J-7, jeti ya kivita ya Wachina, ilizaliwa kutokana na MiG-21F-13 ya Wasovieti, kwa hiyo kwa toleo la mwanzo unaweza kuanzia boksi la MiG hiyo. J-7G ya baadaye haitoki humo: bawa lake limekatwa kwa pembe mbili badala ya moja, utakesha na fila. Na kwa MiG pua ni tundu la hewa, hivyo chubwi zote ziingie ndani ya ile koni ya katikati. Zipasue kwa koleo ziwe ndogo, zijaze na supagluu, upime kabla ya kufunga. Mimi ya kwangu haikutosha. Imekaa kitako mpaka leo, nimeiegemeza kwenye kopo la rangi na kuwaambia wageni inapaa.