Kuutambua ukoga kwenye meno ya mtoto mdogo: mwongozo kwa manesi wa kliniki ya watoto

Kwenye zahanati zetu za Dar es Salaam, mtoto hukutana na nesi mara nyingi kabla hajamwona daktari wa meno. Akija kwa chanjo ya surua-rubela ya miezi 9, kisha ya miezi 18, meno ya mbele kwa kawaida yameshaanza kuota, na ukoga, yaani utando laini wa bakteria, huweza kuyashika. Mimi ni tabibu wa meno, na ombi langu kwako nesi ni moja: usiandike "meno safi" kabla hujayafuta.

Hatua ya 1. Vaa glavu, kaeni na mama mkitazamana, magoti yagusane. Mtoto amwelekee mama, kisha alazwe taratibu, kichwa kije mapajani mwako. "Mshike mikono, mama, akilia si neno." Akilia, mdomo unafunguka.

Hatua ya 2. Inua mdomo wa juu mpaka uone ufizi. Wengi hutazama ncha za meno. Ukoga hujikusanya pale jino linapokutana na ufizi, hasa meno 4 ya mbele ya juu.

Hatua ya 3 ndiyo yenye kazi. Kama ametoka kunywa uji, mpe maji kwanza. Washa tochi, tazama, uamue: upo au haupo? Ukoga mwembamba una rangi karibu sawa na jino, na mate huuficha zaidi. Sasa pangusa kwa gozi kavu (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kufuata ufizi. Kikitoka kitu laini, cheupe au cha njano, ni ukoga. Baka jeupe kama chaki lisilofutika huenda ni jino linaloanza kuoza, mpe rufaa.

Hatua ya 4. Pima usahihi wako. Mwombe tabibu wa meno awachunguze watoto walewale bila kuona majibu yako. Hesabu wenye ukoga ambao wewe uliwakosa, kisha wasafi uliowasingizia kuwa wanao. Msitosheke na idadi mliyokubaliana: pale ambapo karibu kila mtoto ana ukoga, anayeandika "upo" kwa wote ataonekana hodari. Kwangu mimi kuwakosa ni kubaya zaidi, maana mama anarudi nyumbani bila ushauri.

Hatua ya 5. Mwelekeze mama: ampige mtoto mswaki mwenyewe mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3. Kabla hawajaondoka, mpe gozi afute jino moja, aone kinachotoka.